Mgonjwa wa Ijumaa

Mlango ulikuwa umeondoka bila kuaga. Kitasa hakikuvunjwa, miimo haikuchubuliwa, na sakafuni hapakuwa na hata kibanzi cha ubao. Palikuwa na uwazi mrefu na mpana, na juu yake pazia la maua mekundu limetundikwa kwa misumari miwili, likipepea kama lililofurahia kupandishwa cheo.

Sajini Mutanu alilisogeza pazia kwa kalamu, akachungulia ndani, akalirudisha. Ilikuwa Jumanne asubuhi, katika ofisi ya elimu ya Kaunti Ndogo ya Ikolani, nyuma kidogo ya soko la Machakos.

"Mvule, Sajini," alisema Bwana Bartholomew Mwanzia. Alikuwa mkurugenzi wa elimu, na shule za umma zaidi ya mia zilikuwa chini yake. Alisimama mikono kiunoni, suti ya kahawia, viatu vinang'aa. "Mvule mtupu. Na kibao cha shaba chenye cheo changu. Huo si mlango wa kuchezewa."

"Uliuona mara ya mwisho lini, mheshimiwa?"

"Ijumaa jioni. Nilishinda humu ndani siku nzima, kazi juu ya kazi. Wakati wa kwenda nyumbani nikaufunga kwa mkono wangu mwenyewe. Jana Jumatatu nafika, nakuta pazia. Ni wezi wa wikendi."

"Kompyuta?"

"Iko."

"Simu ya mezani? Viti?"

"Hawakugusa kitu. Lakini mwizi namjua, nimeshasema kituoni. Ni yule Nzilani, mwenyekiti wa wazazi wa shule ya msingi ya Kavilani, huko ng'ambo ya Kola. Alisema mbele ya watu kwamba nisipofungua mlango, wao wataufungua. Mmeshamkamata. Kilichobaki ni kumpeleka kortini."

Ni kweli Nzilani alikuwa ameshaletwa. Mutanu alimwacha kwenye benchi la kituo, mama wa makamo mwenye kiondo mapajani, ametulia kama anayesubiri kinyozi. Mkuu wa kituo alikuwa amesema neno moja tu: kabla ya saa za chakula, ama Mutanu alete ushahidi mama ashtakiwe, ama alete sababu ya kumwachilia. Akishtakiwa, angelala seli. Nyumbani alikuwa na watoto watatu, na ng'ombe asiyekubali kukamuliwa na mkono mwingine.

Mutanu alichuchumaa kwenye mwimo. Marehemu mumewe, Ndeti, alikuwa fundi, na nusu ya milango ya mji huu alikuwa ameitundika yeye. Miaka mingi Mutanu alimshikia mlango huku yeye akipigilia, wakibishana nani anauinamisha. Kwa hiyo alijua pa kuangalia. Mlango huu ulifunguka kuja nje, upande wa korido, na bawaba zake zilikuwa huko nje. Nusu za bawaba zilibaki zimeshikilia mwimo. Misumari minene inayopita katikati yake ndiyo iliyogongwa ikatoka kwa juu. Ukishaitoa hiyo, mlango unaunyanyua tu, umefungwa au haujafungwa.

Chini ya kila bawaba palikuwa na alama ndogo za nyundo. Zilifuatana, nguvu moja, bila haraka. Mwizi huwa na haraka. Huyu aligonga kama mtu anayetwanga mahindi ya muthokoi na ana siku nzima mbele yake.

"Naweza kuingia?"

"Ingia, ingia. Hakuna cha kukuzuia," alisema mkurugenzi kwa uchungu.

Ndani palikuwa na meza kubwa, na kiti kikubwa chenye koti la kijivu limevalishwa begani. Mutanu alipitisha kidole kwenye bega la koti. Kidole kilirudi na vumbi. Kutoka mkono wa koti hadi mguu wa meza, buibui alikuwa amevuta uzi wake na kuukaza vizuri.

"Hilo ni koti la akiba," alisema Bwana Mwanzia upesi. "Machakos hii, baridi huja bila habari."

"Ni kweli, mheshimiwa." Mutanu alijipangusa kidole.

"Na usimsahau fundi Laban, pale karibu na stendi. Jana nimeona ametundika mlango wa mvule nje ya kibanda. Hao wazazi lazima wamemuuzia."

Ilikuwa njia fupi, Mutanu akaenda. Mlango ulikuwepo kweli, mzuri, unanukia vanishi. Aliupapasa ukingo kutoka juu hadi chini. Ulikuwa laini, haujawahi kuchongwa mahali pa bawaba wala pa kitasa.

"Afande, huo haujawahi kumfungia mtu," alisema Laban, akipuliza vumbi la mbao. "Ukiutaka ufungie watu, tuongee."

Mutanu alicheka, akarudi alikotoka.

Karani wa mkurugenzi aliitwa Nzembi. Chumba chake kilikuwa mwanzo wa korido, na kwa sababu ya kona, alisikia zaidi ya alivyoona. Mutanu alimkuta anakoroga chai.

"Ijumaa mlikuwa na wageni?"

"Wazazi. Hapa wazazi hawaishi, Sajini. Wa mjini wakitoka, wa Kola wanaingia. Madarasa yamejaa, mwalimu hayuko, vyoo vimeanguka. Ijumaa, kabla ya chai ya saa nne, walikuwa wamama wa Kavilani, kundi zima. Nikawaambia mkurugenzi ako kwa mkutano."

"Mkutano wapi?"

"Humo ndani."

"Na nani?"

Nzembi alikoroga chai ambayo ilikuwa imeshakorogeka.

"Wakasema watangoja," aliendelea, akiruka swali. "Wakaketi chini, wakaanza kuimba. Zile nyimbo za mwethya, za kusaidiana kuchimba matuta kwa shamba la jirani. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia. Na ngoma ilikuwa tamu, hata mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya meza."

"Kulikuwa na ngoma?"

"Ti, ti, ti. Ilifuata wimbo vizuri. Halafu nikasikia kelele, ati Nzilani amezirai. Nikatumwa maji. Bomba letu halitoi, nikaenda mpaka tangi la nyuma. Kurudi, wameshaenda na mgonjwa wao. Korido iko tupu."

"Tupu namna gani?"

Nzembi alishusha kijiko.

"Hilo pazia ni la kwangu, la sebuleni," alisema taratibu. "Nililitundika lini, usiniulize. Niko na kazi moja tu, dada yangu."

Mutanu hakumuuliza. Pazia lenyewe lilikuwa limeshajibu: aliyelitundika alijua mlango hauko kabla mkubwa hajafika.

Getini alikuwako Henry, mlinzi wa mchana, mzee mwenye kofia iliyopigwa pasi. Alijibu kabla hajaulizwa.

"Hakuna mlango imetoka hapa, afande. Usiku nafunga mnyororo. Wikendi nzima hata paka haikupita. Mchana mimi mwenyewe naangalia kila kitu yenye inatoka."

"Ijumaa ilitoka nini?"

"Ijumaa? Hakuna. Ni yule mgonjwa tu."

"Alitokaje?"

"Kwa kitanda. Wamama walikuwa wamembeba, wamemfunika na leso mpaka kidevuni. Nikatoa kofia, nikafungua geti mbili zote. Hata niliwasaidia mpaka barabarani, maana mama mmoja alikuwa amechoka."

"Mzee Henry, ofisi ya elimu ina kitanda?"

Henry aligeuka kulitazama jengo la ofisi.

"Nilidhani ni ya huduma ya kwanza," alisema.

"Ulikishika wapi?"

"Kona ya nyuma, kushoto. Ilikuwa nzito. Nikasema, huyu mama amekula akashiba. Na mahali nilishika kulikuwa na kitu baridi, ya chuma, imetokeza hivi." Aliikunja mikono yake hewani, vidole vikazunguka kitu kisichoonekana, na vikabaki hapo. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayeona mgeni kwa mbali na kuanza kumtambua. "Afande. Ilikuwa kishikio."

"Naona hivyo."

"Nimetoa mlango ya mkubwa na mkono yangu."

"Na kofia umevua," alisema Mutanu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la nguo na vinywaji la Dahabo, mama wa Kisomali aliyeuza hapo tangu Mutanu akiwa askari mpya. Binti zake wawili, Hoodo na mdogo wake, walisoma katika shule za kaunti ndogo hiyo hiyo. Alimkaribisha Mutanu kwenye kigoda na kumpa soda bila kuuliza.

"Ijumaa, wale wamama wa Kavilani wakiingia, walikuwa wamebeba nini?"

"Vyondo."

"Ngoma je?"

"Ngoma ya Kikamba mimi naijua, Mutanu. Ile haiingii kwa kiondo."

"Lakini nyundo inaingia."

Dahabo alitazama rafu zake za vitambaa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuziona. Mabega yalianza kumtikisika.

"Wakitoka ulimwona mgonjwa?"

"Nilimwona. Wallahi nilimhurumia. Wamefika hapa mbele ya duka, mzee wa geti amerudi, mgonjwa akaketi. Akaniambia, mama Hoodo, nipe soda baridi, hii kazi ya kufa inakausha koo." Sasa alicheka waziwazi, akajifuta macho kwa ncha ya shela. "Mimi nikasema, Mungu anaponya haraka siku hizi. Soda sikumlipisha."

"Na hukuja kutuambia."

"Hamkuniuliza. Na mimi nimeenda kwa ile ofisi mara ngapi, Mutanu? Naambiwa mkutano, mkutano. Nikasema kama mlango umechoka kukaa pale, wacha uende."

Ilibaki kuuona mlango wenyewe. Mutanu alipanda bodaboda, wakashuka na barabara ya Kola, matuta ya mashamba yamepangwa mlimani kama ngazi, mahindi yamebeba. Kavilani ilikuwa nyuma ya kilima cha pili. Ilikuwa mapumziko, na uwanja ulijaa sauti.

Vyoo vya wasichana vilikuwa sita, vimejengwa kwa mawe mazuri na wazazi wenyewe. Vitano vilikuwa vimetundikwa magunia. Cha kwanza kilikuwa na mlango wa mvule uliometa juani, umepunguzwa chini kidogo kwa msumeno ili uingie, na katikati yake kibao cha shaba: MKURUGENZI WA ELIMU. BISHA HODI. Mbele yake wasichana walipanga foleni ndefu kuliko ya uji. Magunia matano hayakuwa na mtu.

Mmoja alipotoka, aliufunga mlango polepole kwa mikono miwili. Aliyefuata akabisha hodi kwa adabu zote, wenzake wakavunjika mbavu.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia hapo alijitambulisha kuwa Munyiva, akasimama kati ya Mutanu na mlango, ufagio mkononi.

"Umekuja kuuchukua?"

"Nimekuja kuuona."

"Basi panga laini kama wengine."

Walitazamana, wote wawili wakacheka, na ufagio ukashuka.

"Mchwa walikula milango yetu yote," alisema Munyiva. "Ukimvutia msichana mkubwa gunia, upepo ukija, heshima yake imekwisha. Wakawa wakitoka mapumziko wanaenda nyumbani kujisaidia. Wengine hawarudi. Darasa la wakubwa limepungua hivyo, mmoja mmoja. Tumeenda kwa ofisi tangu mwaka jana. Ako kwa mkutano. Ijumaa tukasema, wacha tuingie huo mkutano."

"Mkatoa mlango yeye akiwa ndani?"

"Yeye nani?" Munyiva aliegemea ufagio. "Tulipounyanyua, tulichungulia kumsalimia. Tulikuwa tumejipanga, tuseme maneno yetu, hata tuombe msamaha kwa kelele. Tukaona koti. Nzilani akalisalimia, wĩ mũseo? Koti likanyamaza. Akaliambia shida ya vyoo yote, kutoka mwanzo. Likanyamaza. Nzilani akatuambia, huyu hajakataa. Chukueni."

Mutanu aligeuka kuangalia mahindi kwa muda, mpaka uso wake uliporudi kuwa wa kiserikali.

Alipofika kituoni jua lilikuwa juu. Nzilani alikuwa bado kwenye benchi, na Bwana Mwanzia alikuwa ameitwa kama mlalamikaji kutia sahihi maelezo yake. Alisimama kwenye kaunta, akiangalia saa.

"Nimeuona mlango," alisema Mutanu. "Uko Kavilani, kwenye choo cha wasichana. Ulitoka getini Ijumaa kabla ya chai ya saa nne, umebebwa kama machela, na mwenyekiti hapa akiwa juu yake."

"Nilisema mimi," mkurugenzi alifurahi. "Nilisema ni huyu. Nitie sahihi wapi?"

"Hapa. Ila kuna jambo dogo hakimu ataliuliza, ni heri tulinyooshe sasa. Umeandika kwamba Ijumaa ulishinda ndani ya ofisi."

"Ndiyo."

"Basi wewe ndiwe shahidi mkuu. Waligonga bawaba za mlango wako wimbo mzima, wakaunyanyua, wakautoa. Ulikuwa umeketi nyuma ya meza, unawatazama. Uliwaambia nini?"

Bwana Mwanzia alilegeza tai.

"Nilikuwa kwa simu. Simu muhimu."

"Sawa. Na jioni ukaufunga kwa mkono wako mwenyewe. Uliufunga kutoka hapa, au ulienda Kavilani?"

Askari wa kaunta aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kalamu chini. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Bwana Mwanzia ilikuwa imefika kwenye ukuta.

"Kuna zege lilikuwa linamwagwa," alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Athi River. Ni nyumba zangu za kupangisha. Zege halingoji mtu, Sajini. Ukiliacha fundi peke yake..."

"Lakini sisi tunangoja," alisema Nzilani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu asubuhi. "Na koti lako, baba, ni jema. Linasikiliza vizuri sana."

Mutanu aliweka kalamu katikati ya kaunta.

"Mheshimiwa, kuna njia mbili. Utie sahihi haya, tuende kortini sote, na Henry aeleze alivyoshika kona, na majirani zako wa Athi River waeleze zege. Au uyaondoe. Mlango wa serikali umetoka ofisi ya serikali, umeenda shule ya serikali. Kwangu mimi, haujatoka nyumbani."

Mkurugenzi alichukua muda mfupi kuliko alivyozoea kuchukua katika mambo ya wazazi. Alivuta karatasi, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika kwamba hana malalamiko na kwamba mlango umekabidhiwa shule ya Kavilani. Mutanu akapumua.

"Mama Nzilani, uko huru. Nenda ukamkamue ng'ombe."

Nzilani hakusimama.

"Ala, Sajini, niende wapi? Huyu nimemtafuta tangu mwaka jana." Alisogea kwenye benchi, akapangusa nafasi kando yake kwa kiganja. "Mtoto wa ndugu yangu ni askari huko Mavoko. Aliniambia kitu kimoja: mtu akiibiwa, lazima aje kituoni yeye mwenyewe. Hawezi kumtuma karani, wala hawezi kusema ako kwa mkutano. Keti, baba. Tumepata nafasi."

Mutanu alirudisha kalamu mfukoni. Asubuhi nzima alikuwa akijiuliza kwa nini mwizi mwerevu hivyo alijitangaza mbele ya watu, na kwa nini alikamatwa bila kubisha. Sasa hakuwa na la kujiuliza tena.

"Nina mkutano," alisema Bwana Mwanzia.

Hata mahabusu waliokuwa nyuma ya kaunta walicheka. Mkurugenzi aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na jambo la ajabu likatokea: kona ya mdomo wake ikamponyoka, naye akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeshikwa hadharani na akaona kwamba hajafa. Akaketi.

Nzilani alifungua kiondo, akatoa viazi vitamu vya kuchemsha, akampa kimoja.

"Bado milango mitano," alisema.

"Milango ina utaratibu wake, mama. Zabuni, kamati, ukaguzi. Mwaka ujao wa fedha..."

"Hizo nyumba zako za Athi River zina milango?"

Bwana Mwanzia aliacha kutafuna. "Ipo. Imeletwa wiki jana. Haijatundikwa."

"Mingapi?"

Alimeza kiazi kwa shida. Kisha akatoa simu, akampigia fundi wake, na mbele ya benchi zima akamwambia atenge mitano, ya mbao, si ya mabati, lori liende Kavilani kesho asubuhi. Utaratibu wa kurudishiwa atautafuta baadaye, na kama kulikuwa na mtu aliyejua jinsi unavyochukua muda mrefu, ni yeye mwenyewe.

Kufikia hapo habari ilikuwa imeshavuka barabara na kupita sokoni: mkurugenzi amepatikana. Dahabo alikuja kwanza, na habari ya mwalimu wa hesabu asiyekuwepo. Nyuma yake wakaja wazazi wa shule ya mjini yenye madarasa yaliyojaa mpaka dirishani, kisha wa Kola, kisha watu ambao Mutanu hakuwajua, wamekunja mikono ya mashati kama waliokuja mwethya. Mmoja alianzisha wimbo, taratibu, ukaitikiwa hadi nje.

Mkuu wa kituo alitoka ofisini kwake, akasimama mlangoni, kijiko cha chakula bado mkononi.

"Mutanu. Hawa wote ni akina nani?"

"Mashahidi, afande. Wanaandikisha maelezo."

"Wangapi?"

Mutanu alichungulia nje. Foleni ilikuwa imeshapita mti wa bendera, ikatoka getini, ikashika barabara.

"Kaunti ndogo nzima, afande," alisema, akaenda kumtafutia mkurugenzi maji ya kunywa.